Kamera ya Kwanza Isiyo na Kioo kwa Picha za Mtaani na za Studio: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mpiga picha anayeanza, mwenye fedha za kununua kamera moja tu, ambaye asubuhi anataka kuipeleka sokoni na jioni kuitumia katika chumba kidogo alichokigeuza kuwa studio. Anayetafuta kamera ya kupigia wanyama mbugani au mpira uwanjani atapata machache ya kumfaa humu.

Kamera isiyo na kioo ni ipi, na inatofautianaje na zile kubwa tulizozizoea?

Kamera ambazo wapiga picha wa harusi wamezibeba kwa miaka mingi, yaani DSLR, zina kioo ndani kinachoipeleka taswira kwenye kitazamio, na kila unapobonyeza, kioo hicho hunyanyuka ili kuupisha mwanga ufike kwenye kihisi, yaani kipande kinachopokea mwanga na kuunda picha. Katika kamera isiyo na kioo, ambayo wauzaji wengi huiita mirolesi, kihisi hupokea mwanga muda wote, na unachokiona kwenye kitazamio ni skrini ndogo inayokuonyesha kile ambacho kihisi kinakiona. Ya kwanza ya aina hii kuingia sokoni kwa mfumo wa lenzi ndogo wa Micro Four Thirds ilikuwa Panasonic Lumix G1, mwaka 2008. Sony ilitoa A7 yenye kihisi kikubwa cha fulu fremu mwaka 2013, ilhali Canon na Nikon zilisubiri hadi 2018 kutoa zao za ukubwa huo.

Wengi husifu wepesi wake, lakini faida ninayoithamini zaidi ni kwamba unauona mwangaza wa picha kabla hujapiga. Kipima mwanga cha kamera hulenga wastani wa kijivu. Mweke mzee mweusi aliyevaa kanzu nyeupe mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, na kamera itapunguza mwanga ili weupe ule ushuke, uso wa mzee ukazama gizani. Kwa DSLR ungeligundua hilo baada ya kupiga. Kwa kamera isiyo na kioo unaliona kwenye kitazamio, unazungusha kitufe cha kuongeza mwanga hatua moja, kisha ndipo unapiga.

Je, kamera moja inaweza kweli kutosha kwa mtaani na studio?

Inaweza, ingawa kazi hizi mbili zinadai vitu tofauti. Mtaani unahitaji kamera ndogo isiyowashtua watu, inayofokasi haraka, yenye kitazamio kinachoonekana juani, na lenzi inayopokea mwanga mwingi jua likishazama, kwa maana huku kwetu karibu na ikweta kiza huingia upesi. Studioni mambo hugeuka: kamera ikiwa kwenye tripodi, ukubwa wake hauna maana, na kwa kuwa mwanga unatoka kwenye flashi, utapiga kwa f/8 (tundu la lenzi likiwa limebanwa; namba ndogo kama f/1.4 ni tundu pana) na ISO 100 (kihisi kikiwa katika wepesi mdogo wa kuona mwanga), hali ambayo karibu kila kamera ya miaka kumi iliyopita huifanyia kazi vizuri. Kinachotakiwa pale ni kamera iweze kuiwasha flashi kwa uhakika.

Kwa hiyo, anayechagua kamera ya kazi zote mbili asianzie kwenye idadi ya megapikseli. Aangalie kwanza juu ya kamera, mahali pa kupachikia flashi, kisha nyuma yake, kwenye kitazamio.

Kwa nini mahali pa kupachikia flashi pawe jambo la kwanza?

Kwa sababu kamera kadhaa za bei nafuu hazina kabisa, na mnunuzi hulijua hilo siku anapokodi taa. Sony a5000 na a5100, ambazo hupatikana kwa bei ya kuvutia katika soko la mtumba, hazina. Canon EOS M200 pia haina. Ziko pia zenye mahali hapo lakini kwa mtindo tofauti: Canon EOS R50 ya mwaka 2023 imeondolewa pini za kawaida na kuachiwa zile mpya za Canon, hivyo flashi au triga (kifaa cha kuwasha flashi iliyo mbali na kamera) ya mtindo wa zamani huhitaji adapta ya AD-E1, ambayo huuzwa peke yake na si kila duka huwa nayo.

Ikiwa tayari unayo kamera isiyo na sehemu hiyo lakini ina flashi ndogo ya kuchomoza, usiitupe. Flashi nyingi za nje na taa nyingi za studio zina jicho linaloona mmweko wa flashi nyingine na kuwaka papo hapo. Flashi ya Godox TT600, kwa mfano, ina hali mbili za kazi hiyo, S1 na S2. S2 hupuuza mmweko wa awali ambao kamera hutoa kwa ajili ya kupima mwanga, na hiyo ndiyo utakayoihitaji ikiwa taa yako inawaka mapema na picha inatoka nyeusi. Njia hii hufanya kazi ndani ya chumba, lakini juani jicho hilo hushindwa, na kwenye sherehe flashi za simu na za wageni wengine huiwasha taa yako bila mpango.

Nimeambiwa kitazamio si lazima kwa kuwa skrini ya nyuma inatosha. Ni kweli?

Ndani ya nyumba ni kweli. Simama Kariakoo saa saba mchana na skrini ya nyuma itakuonyesha uso wako mwenyewe kuliko mtu unayempiga. Kamera kama Sony ZV-E10 na Nikon Z30 zilitengenezwa kwa wanaojirekodi video, ndiyo maana hazina kitazamio, na kwa kazi hiyo ni nzuri. Kwa picha za mtaani nisingezichagua. Kamera iliyobanwa usoni pia hutulia zaidi mkononi kuliko iliyonyooshwa mbele kama simu.

Ukubwa wa kihisi upi unafaa kuanzia?

APS-C, yaani kihisi cha takriban milimita 23.5 kwa 15.6. Fulu fremu, yenye milimita 36 kwa 24, hufanya vizuri zaidi gizani na hufifisha zaidi vilivyo nyuma ya mtu, lakini gharama yake kubwa imejificha kwenye lenzi, na mtu aliyetumia fedha zote kununua bodi (kamera bila lenzi) ya fulu fremu hubaki akipigia lenzi moja mbovu kwa miaka miwili. Micro Four Thirds, yenye milimita 17.3 kwa 13, hudharauliwa bila haki: Olympus OM-D E-M10 Mark II ya mwaka 2015 ina kitazamio, ina mahali pa flashi, kihisi chake hutulizwa dhidi ya mtikisiko wa mkono, na lenzi zake huingia mfukoni. Udhaifu wake ni usiku, pale ISO inapopanda na chembechembe kujaa kwenye picha.

Kamera zipi hasa nizitafute?

Nitataja chache ambazo ningemshauri ndugu yangu azitafute, zikiwa mtumba isipokuwa umebahatika kupata punguzo la mpya.

Sony a6000, iliyotangazwa Februari 2014, bado ni kipimo cha bei nafuu. Ina megapikseli 24, hupiga hadi picha 11 kwa sekunde, ina kitazamio na mahali pa flashi, na lenzi za mfumo wake ni nyingi kuliko za mwingine yeyote wa APS-C. Kasoro zake nazo zinajulikana: haina utulizaji wa mtikisiko ndani ya bodi, haina tundu la maikrofoni, skrini yake si ya kugusa, na menyu yake imepangwa kama ghala lisilo na msimamizi.

Fujifilm X-T20 ya mwaka 2017 ndiyo ningeichukua mimi mwenyewe kwa mtaani. Kasi ya shata (pazia linaloamua kihisi kipokee mwanga kwa muda gani) na kiwango cha mwanga vina vitufe vyao vya kuzungusha juu ya bodi, hivyo unaona mpangilio wako hata kamera ikiwa imezimwa, na anayejifunza huielewa haraka uhusiano wa namba hizo. Rangi za JPEG zake hupunguza kazi ya kuhariri. Hata hivyo bei zake za mtumba hazishuki kirahisi, na lenzi zake ni ghali kidogo kuliko za Sony.

Nikon Z50 ya mwaka 2019, yenye megapikseli 20.9, hushikika vizuri kuliko hizo mbili kwa mwenye mikono mikubwa, na huenda ndiyo bora zaidi kati ya zote ikiwa utaipata kwa bei inayolingana nazo.

Canon EOS M50 ya mwaka 2018 imejaa sokoni na ni nafuu, tena ina mahali pa flashi pa kawaida. Lakini mnunuzi ajue kwamba Canon iliachana na mfumo wote wa EOS M mwaka 2023 na lenzi mpya hazitatoka. Mwenye lenzi za zamani za Canon EF anaweza kuzifunga kwa adapta. Asiye nazo atakuwa amenunua nyumba iliyo mwisho wa barabara. Katika mfumo mpya wa RF, Canon iliwazuia watengenezaji wengine wa lenzi zenye fokasi ya kujiendesha hadi mwaka 2024, ilipowaruhusu Sigma na Tamron kutengeneza zile za APS-C, kwa hiyo hali ya lenzi za R50 na R10 sasa ni bora kuliko ilivyokuwa.

Na DSLR ya mtumba je? Bei yake ni ya chini zaidi.

Ni swali la haki, na jibu lake huwaudhi baadhi ya wauzaji: ikiwa kazi yako yote ni ya studio, yaani pasipoti, familia na picha za bidhaa, DSLR ya mtumba yenye lenzi ya milimita 50 (namba hii ikiwa ndogo, lenzi huona eneo pana zaidi) itakupa picha ileile kwa fedha kidogo, na betri yake itadumu siku nzima. Kamera isiyo na kioo hujilipia pale unapotoka nje.

Ninunue lenzi ipi ya kwanza?

Kamera nyingi huuzwa na lenzi ya zumu ya milimita 16-50 au 18-55 hivi. Usiikatae. Studioni, ikifungwa hadi f/8, hutoa picha safi ambazo mteja hawezi kuzitofautisha na za lenzi ghali, na hapa ndipo wengi hupoteza fedha: hununua lenzi ya f/1.4 kwa ajili ya studio, kisha huitumia kwa f/8 maisha yake yote. Lenzi inayopokea mwanga mwingi ni ya mtaani, jioni na ndani ya vibanda.

Kwa APS-C, milimita 23 huona karibu sawa na milimita 35 ya fulu fremu, na 35 huona karibu sawa na 50. Ninavyoona, anayeanza mtaani anufaike na 23 hadi 35, kwa sababu zinamlazimisha kusogea na kuongea na watu badala ya kuwavizia kutoka ng'ambo ya barabara. Sigma 30mm f/1.4 ni chaguo linalojulikana kwa Sony, na Viltrox hutengeneza za 23, 33 na 56 za f/1.4 kwa mifumo kadhaa. Ile ya 56 huona kama 85, na ni tamu kwa nyuso, ila katika chumba cha mita tatu kwa nne utakwama na mgongo ukutani kabla hujapata mtu mzima mzima. Pima chumba chako kabla ya kuinunua.

Ziko pia lenzi za fokasi ya mkono za TTArtisan na 7Artisans, ambazo ni nafuu sana. Studioni, mtu akiwa ametulia, zinafaa kabisa. Mtaani zinahitaji ujuzi wa kukadiria umbali, ujuzi unaojifunzika, lakini si katika wiki ya kwanza ya kazi ya kulipwa.

Nigawanyeje bajeti yangu?

Usivuke nusu ya fedha zako kwenye bodi. Nusu iliyobaki inunue lenzi moja, flashi moja na triga yake, stendi, mwavuli mweupe au softiboksi, betri ya pili na memori kadi mbili. Flashi kama TT600 hutumia betri nne za AA, haipimi mwanga yenyewe, na inapowekwa mbali na kamera haijali kamera yako ni ya kampuni gani. Anayejali ni triga, na hiyo lazima iwe ya chapa ya kamera yako. Kwa hiyo siku ukihama kutoka Canon kwenda Sony utabadilisha triga tu. Taa moja iliyowekwa pembeni, na ubao mweupe wa fomu upande wa pili kurudisha mwanga, hutosha kwa picha za uso kwa muda mrefu sana.

Betri ya pili si anasa. Kamera hizi huwasha skrini muda wote, na ile ya Sony a6000 imekadiriwa takriban picha 360 ukitumia skrini ya nyuma na 310 ukitumia kitazamio. Mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, hesabu hiyo huisha mapema. Kuhusu memori kadi, bandia ni nyingi: ijaze yote kwa faili siku uliyoinunua, kisha ufungue zile za mwisho kuhakikisha zinafunguka.

Nimefunga triga, nimeweka f/8 na ISO 100, lakini kitazamio ni cheusi kabisa. Kamera imeharibika?

Haijaharibika. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na mimi mwenyewe siku ya kwanza niliwaacha bibi harusi na dada zake wakisubiri robo saa nikidhani nimeuziwa kamera mbovu. Ile sifa niliyoisifu mwanzoni, ya kukuonyesha mwangaza kabla ya kupiga, hapa inageuka adha: kamera haijui kwamba flashi itawaka, hivyo inakuonyesha jinsi chumba kingeonekana kwa taa za dari peke yake, na kwa mpangilio huo ni kiza. Ingia kwenye menyu uzime uonyeshaji wa mwangaza halisi. Kwenye Sony kipengele hicho huitwa Live View Display, na kamera nyingine zina chao. Ukirudi mtaani, kiwashe tena.

Mambo mengine mawili huleta taharuki ileile. Flashi ikiwa haiwaki kabisa, angalia kama umewasha shata ya kimya, kwani katika karibu kamera zote za bei hii shata ya kielektroniki huizima flashi. Na kama nusu ya picha ni nyeusi kama iliyofunikwa na ubao, umevuka kasi ya shata inayokubaliana na flashi: ni 1/160 kwa a6000, 1/180 kwa X-T20, 1/200 kwa Z50 na 1/250 kwa E-M10 Mark II. Nikiwa studioni huweka 1/125 na kulisahau jambo hilo.

Mbona shata ya kimya huleta mistari kwenye picha zangu za dukani?

Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za tyubu na LED za bei rahisi humemeta mara 100 kwa sekunde. Shata ya kielektroniki husoma kihisi mstari kwa mstari, hivyo baadhi ya mistari husomwa taa ikiwa juu na mingine ikiwa chini. Tumia shata ya mitambo, na kasi ya 1/50 au 1/100.

Nikaguaje kamera ya mtumba kabla ya kulipa?

Nenda mchana, mahali pa wazi, ukiwa na memori kadi na lenzi kama unayo. Piga ukuta mweupe kwa f/16 ukuze picha: madoa yatakayoonekana ni vumbi kwenye kihisi, ambalo husafishika, lakini mkwaruzo hausafishiki. Ondoa lenzi, umulike ndani yake kwa tochi ya simu ukiangalia kutoka upande wa pili. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na kwa sisi wa pwani ni ugonjwa wa kawaida. Lenzi yenye kuvu iache, hata bei ikishuka mara mbili ukiwa umesimama pale. Piga picha kadhaa kwa kasi ya juu kabisa ya shata uone kama mwanga umesambaa sawa. Pachika flashi, hata ya kuazima, uone inawaka. Bonyeza kila kitufe. Itoe betri uitazame kama imevimba.

Kama kamera ni ya Sony na imetoka Japani, fungua menyu kabla ya jambo jingine lolote, kwa kuwa nyingi zilizotengenezwa kwa soko la huko zina lugha ya Kijapani pekee, na muuzaji anayesema kwamba fundi wake ataibadilisha baadaye aambiwe aibadilishe kwanza. Namba ya bodi ilinganishwe na ya kwenye boksi au risiti, maana kamera ya wizi hurudi kwa mwenyewe na wewe ukabaki na maelezo ya kutoa polisi.

Je, naruhusiwa kupiga watu mtaani na kuzitumia picha hizo kutangaza studio yangu?

Kupiga na kutangaza ni mambo mawili. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Kwa hiyo picha ya kutangaza biashara iombewe ruhusa, ikiwezekana kwa maandishi, na ya mtoto iombwe kwa mzazi. Kambi za jeshi, vituo vya polisi na bandari usizielekezee kamera kabisa, hata kama unachokipiga ni machungwa yaliyo mbele yake.

Nitunzeje kamera hapa pwani?

Usiifungie kwenye begi lake kabatini. Kuvu hupenda giza, joto na unyevu, na begi la sponji lina vyote vitatu. Tafuta ndoo au kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka ndani pakiti za silika, na uzikaushe au kuzibadilisha zinapojaa unyevu. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, iache kamera ndani ya begi kwa dakika 20 hivi ili ipate joto polepole, vinginevyo lenzi itatoka jasho. Na ukirudi kutoka ufukweni, ipanguse kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kwa kikavu, kabla ya kuifungua lenzi.